Mchekeshaji Anapobaki na Sauti Peke Yake

Jina la Nigel Planer halimshtui mtu hapa Kalemie, mashariki mwa Kongo, si bandarini wala sokoni. Alizaliwa London mwaka 1953, akapata umaarufu kwa kuigiza Neil, kijana wa nywele ndefu na huzuni isiyokwisha, anayewapikia wenzake dengu katika mchezo wa televisheni wa BBC uitwao The Young Ones. Vipindi vilikuwa 12 tu, kati ya 1982 na 1984, lakini vilitosha kumbandika uso ule. Mwaka 1984 aliimba kwa sauti ya Neil, wimbo ukapanda hadi nafasi ya pili Uingereza. Baadaye aliandika vitabu, akapanda majukwaa makubwa ya London katika We Will Rock You na Wicked. Na katikati ya hayo yote akawa msomaji wa vitabu vya kusikiliza. Hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Planer alisoma karibu riwaya 20 za Discworld za Terry Pratchett, neno kwa neno, bila kufupisha. Katika riwaya hizo Mauti ni mhusika kamili: anatembea, anazungumza, anapenda paka. Maneno yake huchapwa kwa herufi kubwa tupu, bila alama za kunukuu. Jicho linamtambua mara moja, ila sikio halina namna ya kuona herufi kubwa. Msomaji hana budi kumtafutia sauti, kisha sentensi inayofuata awe bibi mchawi au askari wa zamu ya usiku aliyelewa. Halafu kuna tanbihi. Pratchett alipenda kuficha kichekesho chini ya ukurasa, na anayesoma kwa sauti ndiye anayeamua akate wapi hadithi, ashuke kukichukua, apande tena bila msikilizaji kupotea njia. Mfululizo huo uliporekodiwa upya kuanzia mwaka 2022, tanbihi alipewa Bill Nighy na Mauti akapewa Peter Serafinowicz, kila mmoja na fungu lake. Sitabishana na anayependa matoleo hayo, lakini kwangu mimi lile gumu limekwepwa. Raha yenyewe ilikuwa kusikia kifo na mlevi vikitoka katika koo moja.

Raha hiyo sisi wa mashariki mwa Kongo tunaijua toka zamani. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, Candi Rureke alisimulia utenzi wa Mwindo kwa siku 12. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck alikuwepo, pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga aliyeshika kalamu na ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza, mkononi kibuyu chenye mbegu, huku vijana wakipiga mti kwa vijiti na kuitikia nyimbo. Alikuwa Shemwindo, mtemi aliyekataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Papo hapo akawa Mwindo, yule aliyezaliwa akitembea na kuongea. Kuna vichekesho vizito humo: baba mwenye amri zote anaishia kumkimbia mwanawe hadi kuzimu. Kabla ya siku hizo Rureke hakuwahi kuusimulia utenzi wote kwa mfululizo, maana wenyeji walizoea kuomba kipande kimoja kimoja. Yule mwandishi aliyekuwa akihangaika na kalamu naye hakusalimika, aliingizwa ndani ya wimbo.

Lubumbashi walikuwa na Mufwankolo, jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili, ambaye kikundi chake cha vichekesho kilisikika redioni na kuonekana kwenye televisheni tangu siku ambazo sisi na wao tulikuwa jimbo moja la Katanga. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mtafiti aliyekuwa ameishi Lubumbashi, aliwauliza maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Hawakuishia kwenye jibu la mdomo. Walikaa, wakabishana, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi bila karatasi yenye maneno ya kukariri, kisha wakaenda kuucheza mchezo kijijini Kawama mbele ya kamera, wanakijiji wenyewe wakiwa raia wa mtemi wa mchezo huo. Fabian aliyaandika yote katika Kiswahili kile kile cha Katanga, na kitabu kikatoka Marekani mwaka 1990.

Ukipenda mkato utasema Planer alitoka kwenye karatasi akaenda mdomoni, Mufwankolo akatoka mdomoni akaishia kwenye karatasi, basi hadithi imekwisha: Mzungu ana kitabu, Mwafrika ana kinywa. Sikubaliani na mkato huo. Planer hakujifunza kazi yake kitabuni. Kabla ya televisheni yeye na Peter Richardson walikuwa wakichekesha katika vilabu vya Soho, ambako mteja aliyechoshwa hukuzomea kabla hujamaliza sentensi. Kule ndiko kunakofundishwa urefu wa kimya kabla ya neno la mwisho. Anapoingia chumba cha kurekodia, peke yake, akiwa na fundi mitambo nyuma ya kioo anayemsimamisha kila tumbo likinguruma, bado anapumua kwa kipimo alichopewa na walevi wale. Rureke kipimo chake kilikuwa mbele yake, kinaitikia. Mmoja anawasomea watu anaowakumbuka, mwingine anawasimulia watu anaowaona. Kwangu tofauti hiyo ni nzito kuliko ya wino na mate.

Uzito wake unaonekana zaidi kwenye lafudhi, chombo cha kwanza cha mchekeshaji aliyenyang'anywa uso. Kenya walikuwa na Mzee Ojwang', aliyefariki mwaka 2015. Jina lake halisi Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, lakini kwa miaka mingi katika kipindi cha televisheni cha Vitimbi alizungumza Kiswahili cha Mjaluo hadi watazamaji wakaapa kwamba ni Mjaluo kweli. Alipendwa na pande zote mbili, jambo ambalo si dogo Kenya. Planer naye humpa huyu lafudhi ya shamba, yule ya mtaani London, na Mwingereza anacheka kwa sababu anayechekwa yuko mbali naye kidogo tu.

Hapa Kalemie mambo si mepesi hivyo. Kiswahili cha sokoni kinabeba ulimi wa Mtabwa, Mbembe, Mholoholo, Mluba, Mtwa, na anayeshuka na mashua kutoka Kigoma anajulikana kabla hajauliza bei ya ndagala. Lakini kuanzia mwaka 2013, na kwa ukali zaidi 2016 na 2017, Batwa na Baluba wa jimbo letu la Tanganyika waliuana, vijiji vikachomwa, watu wakajaa kambini kuuzunguka mji huu. Msomaji akimpa mjinga wa hadithi ulimi wa Mtwa, kicheko kitatoka, ila kitakuwa kicheko cha upande mmoja. Ndani ya chumba kilichofungwa hatajua. Kitabu kitatoka, kitapita simu hadi simu, na atakayeumia atakuwa mbali na kipaza sauti.

Kwa hiyo siku tutakapoanza kurekodi vitabu vya kusikiliza kwa Kiswahili chetu, na redio zetu zina mafundi na vyumba vya kutosha kuanza, ningemtafuta mchekeshaji wa jukwaani kabla ya mtangazaji wa habari mwenye sauti nzito. Nisingemfungia peke yake. Ningemketisha na watu watatu au wanne, Mtwa mmoja, Mluba mmoja, mama muuza samaki mmoja, kazi yao kuitikia, kucheka, kuguna na kumkatiza. Miguno yao ningeiacha ndani ya rekodi.