Hirta na Majabali Yake: Historia ya Wageni wa St Kilda

Visiwa vya St Kilda viko katika Bahari ya Atlantiki, kilomita 64 hivi magharibi ya North Uist, nchini Uskoti. Ni mabaki ya volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, kisha ikamegwa na mawimbi mpaka ikabaki vipande. Kipande kikubwa ni Hirta, chenye eneo lisilofika kilomita za mraba 7. Ubavuni mwake kuna Soay upande mmoja na Dùn upande wa pili, na mbali kidogo, kaskazini-mashariki, kumesimama Boreray. Mlima wa Conachair, katika Hirta, una kimo cha mita 430, na upande wake wa kaskazini umekatika wima hadi majini, genge linalohesabiwa miongoni mwa marefu kabisa ya Uingereza. Karibu na Boreray miamba miwili imechomoza peke yake kutoka baharini: Stac an Armin, wenye mita 196, na Stac Lee, wenye mita 172. Kwingineko mawimbi yametoboa jiwe yakaacha mapango na matao ambayo maji hupita chini yake.

Miamba hiyo ndiyo iliyowalisha watu. Udongo wa Hirta ni haba, upepo wa chumvi huunguza mazao, na bahari ya huko ni kali kiasi kwamba uvuvi haukuwa wa kutegemewa. Lakini magengeni hutaga ndege wa baharini kwa malaki: ganeti, ndege mkubwa mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa, fulma, wa kijivu, ambaye humtemea adui yake mafuta, na pafini, mdogo mwenye mdomo wa rangi nyingi, anayechimba shimo ardhini. Nyama yao ilikaushwa au kutiwa chumvi kwa ajili ya majira ya baridi, mayai yao yalikusanywa kwa vikapu, manyoya yakawa malipo ya kodi, na mafuta ya fulma yaliwasha taa na kutumiwa kama dawa. Hadi mwaka 1878, wakati fulma walipoanza kuzaliana Foula katika visiwa vya Shetland, St Kilda ilikuwa makazi yao pekee ya kuzalia katika Uingereza yote.

Uwindaji wenyewe ulikuwa kazi ya wanaume, na ulijifunzwa tangu utotoni. Waliteremka magenge miguu mitupu, mwili ukining'inia kwenye kamba iliyoshikwa na wenzao juu. Kamba za singa za farasi na za ngozi zilikuwa mali ya thamani, za kurithishana. Makinda ya fulma yalivunwa mwezi Agosti, ya ganeti mnamo Septemba. Kufika Stac Lee kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu hakuna pa kufunga mashua: mtu mmoja alisubiri wimbi liinue chombo, akarukia jiwe lenye utelezi akiwa amefungwa kamba kiunoni, kisha akawavuta wengine. Inasimuliwa kwamba ganeti walipolala, kundi lilikuwa na mlinzi wake, na mwindaji aliyemkamata mlinzi huyo bila sauti aliweza kuwapata wengi kabla hawajashtuka. Kilichovunwa kilihifadhiwa katika ghala ndogo za mawe ziitwazo cleit, zenye paa la udongo na majani, ambazo upepo hupenya ukutani na kukausha nyama huku mvua ikizuiwa juu. Katika Hirta peke yake zimehesabiwa zaidi ya 1,200, nyingi bado zimesimama.

Mgeni wa kwanza aliyeacha maelezo marefu ya maisha hayo ni Martin Martin, mwenyeji wa kisiwa cha Skye na mzungumzaji wa Kigaeli, aliyefika mwaka 1697 na kuchapisha kitabu chake mwaka uliofuata. Aliwakuta watu 180 hivi. Thamani ya kitabu chake iko katika lugha: aliongea na wenyeji kwa lugha yao, jambo ambalo wengi waliomfuata hawakuliweza, na kwa hiyo aliwaona kama jamii yenye utaratibu wake, si kama kioja. Visiwa vilikuwa mali ya kabaila MacLeod wa Dunvegan, na wakala wake alifika kila kiangazi kuchukua manyoya, mafuta, shayiri na kitambaa cha sufu. Fedha haikuwa na kazi.

Chombo kilicholeta wakala kiliweza pia kuleta mauti. Mnamo 1727 ndui iliingia Hirta; yasemekana ilibebwa na nguo za mtu wa kisiwani aliyefia kisiwa cha Harris. Wakati huo wanaume 3 na wavulana 8 walikuwa wameshushwa Stac an Armin kuwinda. Kijijini hawakubaki watu wa kutosha kuendesha mashua, na wawindaji hao wakakaa juu ya mwamba mtupu majira yote ya baridi, wakila ndege na samaki, hadi wakala alipowachukua Mei 1728. Waliporudi walikuta kijiji kimekwisha karibu chote, na kabaila akalazimika kuleta familia kutoka visiwa vingine. Hakuna tukio linaloonyesha wazi zaidi jinsi maisha ya Hirta yalivyoning'inia kwa idadi ya mikono: mashua isiyo na wapiga makasia wa kutosha ilikuwa hukumu.

Katika karne ya 19 wageni waliongezeka na sura yao ikabadilika. Mchungaji Neil MacKenzie, aliyeishi kisiwani kuanzia 1830 hadi 1844, aliongoza ujenzi mpya wa kijiji kwa mpango wa mtaa mmoja uliopinda kufuata ghuba. Meli za mvuke zilianza kuleta watalii miaka hiyohiyo ya 1830, na kuanzia 1877 meli ya Dunara Castle ilifanya safari za kila kiangazi. Majabali yaliyokuwa shamba la wenyeji sasa yakawa onyesho. Wanaume walilipwa ili wateremke gengeni mbele ya watazamaji. Wanawake waliuza soksi, kitambaa cha sufu na mayai ya ndege. Wapiga picha nao walikuja. Ndugu Richard na Cherry Kearton walipiga picha ndege na wawindaji wa Hirta mwaka 1896. Cherry ndiye yule aliyekuja baadaye Afrika Mashariki na kupiga filamu ya safari ya Theodore Roosevelt mwaka 1909.

Watalii wengi waliandika kuhusu baraza la wanaume lililokutana mtaani kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, kuamua kazi ya siku. Wakaliita bunge, na baadhi wakalicheka kwa maneno yake mengi. Kicheko hicho hakikuwa cha haki. Katika mahali ambapo kamba mbovu au bahari iliyogeuka ghafla iliua watu kadhaa mara moja, kukubaliana kabla ya kuondoka lilikuwa jambo la uhai, na windo liligawanywa kwa kaya zote, pamoja na za wajane na wazee.

Meli zilileta pia mafua. Wenyeji walikuwa na jina maalumu la kikohozi kilichowashika kila chombo kigeni kilipotia nanga, na waandishi wa zamani walidhani ni ushirikina. Leo inaeleweka kuwa jamii ndogo iliyotengwa haina kinga dhidi ya virusi vya kila mwaka. Msiba mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa pepopunda ya watoto wachanga. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa walikufa, wengi ndani ya siku nane, hadi mchungaji Angus Fiddes alipoleta dawa za kuua vijidudu na mafunzo ya ukunga katika miaka ya 1890.

Idadi ya watu haikurudi tena ilikokuwa. Mnamo 1852 watu 36 walihamia Australia, na karibu nusu yao walifia njiani. Vita Kuu ya Kwanza ilileta kituo cha jeshi la majini, mishahara na mawasiliano ya kila siku na bara. Mei 1918 nyambizi ya Ujerumani ilikishambulia kituo hicho kwa mizinga na kuharibu majengo kadhaa. Askari walipoondoka, vijana walifuata. Mara nyingi watalii hulaumiwa kwa kukivunja kisiwa, na ni kweli kwamba fedha zao zilifanya windo lionekane kazi duni. Lakini kilichokimaliza kijiji ni upungufu wa vijana wenye nguvu wa kushika makasia na kamba, ule upungufu wa mwaka 1727 ukija safari hii polepole. Mei 1930 wakazi waliandika ombi la kuhamishwa. Tarehe 29 Agosti 1930, watu 36 waliobaki walipanda manowari ya HMS Harebell, kila nyumba ikiachiwa Biblia iliyofunuliwa na kifungu cha oti. Baadhi ya wanaume walipewa kazi katika idara ya misitu, wao waliotoka kisiwa kisicho na mti hata mmoja.

Mwaka 1931 visiwa viliuzwa kwa Lord Dumfries, mpenzi wa ndege, na mwaka uliofuata kondoo 107 wa asili wa Soay walivushwa hadi Hirta, ambako wazao wao sasa wanachunguzwa na wanasayansi. Mwaka 1957 National Trust for Scotland ilipokea visiwa hivyo, ilivyoachiwa na bwana huyo kwa wosia, na jeshi likajenga kituo cha rada. UNESCO iliviingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1986 kwa maumbile yake, na mwaka 2005 ikaongeza utamaduni wa watu walioishi humo.

Siku hizi mashua za watalii hutoka Harris na Skye wakati wa kiangazi, hali ya hewa ikiruhusu, na safari nyingi huahirishwa kwa sababu ya mawimbi. Mgeni hushushwa ghuba ya kijiji, akatembea mtaani kati ya nyumba zilizoezuliwa na nyingine zilizokarabatiwa, kisha mashua humzungusha Boreray na miamba miwili, akiitazama kutoka majini tu. Vyombo hukaguliwa ili visiingize panya, kwa kuwa panya wachache wakitua Hirta wanaweza kuwamaliza ndege wanaotaga mashimoni.