Gotthard: Handaki Lililomla Mkandarasi Wake

Mwishoni mwa Februari 1880, chini ya Milima ya Alps nchini Uswisi, keekee ilitoboa ukuta wa mwisho wa mwamba. Kabla ya mtu yeyote kuvuka, kopo lenye picha ya Louis Favre lilipenyezwa kwenye tundu. Mkandarasi huyo alikuwa amefia humo humo handakini Julai 1879, akiwa kwenye ukaguzi.

Favre, mtoto wa seremala wa karibu na Geneva, alitia saini mwaka 1872 mkataba ambao mwenye tahadhari asingeugusa: kuchimba handaki la reli la kilomita 15 kutoka Göschenen hadi Airolo kwa miaka 8, dhamana ya faranga milioni 8, na faini ya faranga 5,000 kwa kila siku ya kuchelewa. Wapimaji hawakumwangusha, pande mbili zilikutana zikiwa zimepishana sentimita 33 tu. Mzigo wa mkataba ule uliwaelemea vibarua, wengi wao Waitaliano.

Keekee ziliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu za mito, na hewa hiyo hiyo ndiyo waliyotegemea kupumua. Haikutosha. Moshi wa dinamiti ulituama na joto likapita nyuzi 30. Julai 1875 vibarua wa Göschenen waligoma. Wanamgambo wa jimbo la Uri wakawafyatulia risasi, wakafa wanne. Ajali za mawe, mabehewa na milipuko zilifikisha vifo karibu 200.

Hesabu hiyo haijawagusa wagonjwa. Vyoo havikuwepo, na watu walishinda kwenye tope la vuguvugu. Juu ya mlima theluji, chini yake joto la Tanga. Wachimbaji wakapauka, wakaishiwa nguvu, madaktari wakalaumu hewa. Mwaka 1880 mtaalamu wa vimelea Edoardo Perroncito wa Turin akaonyesha kisa chenyewe: minyoo ya safura, ile ile inayowasumbua wakulima wa huku kwetu. Wachimbaji walipotawanyika kutafuta kazi nyingine, waliipeleka kwenye migodi ya Ulaya.

Treni zilianza kupita mwaka 1882, tarehe ya mkataba ikiwa imepitwa zamani. Dhamana ikapotea, biashara ya Favre ikaanguka. Mchongaji Vincenzo Vela, ambaye utotoni alikuwa fundi wa kuchonga mawe, alitengeneza, bila kuagizwa na yeyote, sanamu ya vibarua waliombeba mwenzao aliyekufa. Nakala yake ya shaba ilisimamishwa Airolo mwaka 1932.