Kiswahili Kilifikaje Angani? Waulize Wapagazi wa Tabora

Kila Septemba 8 ikikaribia, mashabiki wa Star Trek wanaozungumza Kiswahili huanza tena ubishi wao ule ule. Wapo wanaoapa kwamba Luteni Uhura ndiye mhusika mkali kuliko wote, hakuna mjadala. Wapo wanaolicheka jina lake, maana Uhura si neno, neno ni uhuru. Na hakosi mmoja wa Mombasa au Tanga wa kusema kwamba Kiswahili kinachosikika mle ndani ni cha kuungaunga, kikipelekwa darasa la nne kinafeli. Tamthilia ilianza kurushwa Marekani Septemba 8, 1966. Piga hesabu: 2026 ni miaka 60. Kitu kinachobishaniwa miaka yote hiyo si kitu kidogo.

Swali linalopitwa na wabishi wengi ni hili: Kiswahili kilifikaje kule? Lugha ya vibarazani na bandarini, ya watu wa pwani, imepandaje kwenye meli ya angani ya karne ya 23? Jibu linapita Hollywood, ndiyo. Lakini likifuatwa hadi mwanzo wake, linaishia kwenye vumbi jekundu la Tabora, kwa watu ambao majina yao hayajulikani.

Kwanza, ile siku yenyewe ya 1966. Kipindi cha kwanza kurushwa kinaitwa "The Man Trap", na ndani yake kuna kiumbe kinachobadili sura. Kinachungulia kichwani mwa mtu, kinaona anamuwaza nani, kisha kinajigeuza kuwa huyo. Kinapokutana na Uhura koridoni, kinakuwa kijana mweusi mtanashati, na mara wanasemezana Kiswahili. Maneno machache tu, imeisha hiyo. Maana yake ni kwamba Kiswahili hakikuja baadaye kama mapambo. Kilikuwepo siku ya kwanza kabisa, kama sauti ya nyumbani ambayo Uhura aliikosa. Na yule kijana aliyekitamka hana jina. Ni mtu wa koridoni tu.

Mwaka uliofuata, katika "The Changeling", Uhura anafutwa kumbukumbu zote na mashine inayoitwa Nomad. Anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea, kwa Kiingereza. Anapokwama na kukasirika, kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Yaani kila kitu kimefutika, lugha ya kwao imebaki. Watu wa darasa la nne wanaweza kusahihisha sarufi, lakini aliyeandika tukio lile alijua kitu kuhusu lugha ya mama.

Jina nalo lina hadithi yake. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962, inayohusu Kenya, iitwayo Uhuru. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, alilipenda neno lile, ila mwisho wake ukalainishwa kwa a ili lisikike kama jina la mwanamke. Kwa sikio la Mswahili ni kama kumwita mtoto Furahi badala ya Furaha, lakini ndiyo hivyo, limeshakuwa. Nyota, jina lake la kwanza, lilitoka kwenye vitabu vya miaka ya 1980, na kwenye sinema likatamkwa mara ya kwanza 2009.

Neno uhuru wakati ule lilikuwa la moto, na Tabora ina sehemu yake humo. Januari 1958 TANU ilikutana mjini hapo kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni tusi. Nyerere, ambaye alikuwa amesoma sekondari Tabora hapo hapo, akawashawishi waingie. Unaitwa Uamuzi wa Busara hadi leo. Haikupita miaka minne, Desemba 9, 1961, bendera ya mkoloni ikashuka.

Sasa, mbona Kiswahili na si Kiyoruba au Kiwolof? Mababu wa Wamarekani weusi walio wengi walichukuliwa Afrika Magharibi, si Bagamoyo. Lakini Star Trek haikuwa peke yake. Desemba ya mwaka ule ule wa 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa na kuzipa kanuni zake saba majina ya Kiswahili, kuanzia umoja hadi imani. Waliokichagua walitaka lugha isiyo ya kabila moja, inayovuka mipaka ya nchi. Kwa miaka ya 1960 hilo lilikuwa kweli. Miaka 150 kabla yake halikuwa kweli hata kidogo. Kiswahili kilikuwa cha visiwani na ukanda wa pwani, na mtu akiingia bara kidogo tu, alihitaji mkalimani. Kuna watu waliokibeba.

Watu hao waliitwa watu wa mwezi. Sio utani. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba watu wa pwani waliwaita Wanyamwezi kwa sababu walitokea magharibi, upande mwezi mwandamo unakoonekana. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wakipanga misafara yao wenyewe kushuka pwani na pembe za ndovu, kabla ya mpelelezi yeyote wa Kizungu kuota ramani ya huko. Baadaye wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wakapanda bara na kujijenga Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, ndipo Tabora ya leo. Njia kuu ikakaa hivi: Bagamoyo, Ugogo, Tabora, halafu Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kilomita zaidi ya elfu moja, kwa miguu.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, ukiacha mkeka wake, sufuria na silaha. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, amejipamba manyoya, ngoma ikilia. Burton na Speke walipoondoka pwani Juni 1857, walifika Kazeh baada ya siku 134. Kwenda chini zilibebwa pembe. Kurudi juu zilibebwa shanga, waya na vitambaa, na kitambaa kilichotamba kuliko vyote kiliitwa merikani, kwa sababu kilitoka Marekani. Kwa hiyo pamba ya Marekani ilipanda Tabora mabegani mwa Wanyamwezi karne nzima kabla ya neno la Kiswahili kushuka kwenye televisheni ya Marekani. Biashara ilikuwa ya pande mbili, ila upande mmoja ulichelewa kulipwa.

Wasichukuliwe kama watu wa kuswagwa tu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa mshahara. Walipatana bei, walidai posho, na posho ikipungua waliweka mizigo chini, wengine wakatoroka usiku. Kijana ambaye hajawahi kwenda pwani alionekana bado mtoto. Njiani walikutana na Wagogo, Wazaramo na wengineo, na kwa kuwa huwezi kugombana na kila kijiji unachopita, ukakomaa utani. Mnyamwezi na Mzaramo mpaka leo wanatukanana msibani na hakuna anayekasirika. Kazi ya utani ilikuwa amani ya barabarani.

Na katikati ya utani, mapatano ya mshahara na kelele za kambini, Kiswahili kikatembea. Kilikuwa lugha ya kazi. Wapagazi waliotoka pwani walijiita waungwana, na walipovuka ziwa kuingia Kongo, Kiswahili chao kikapewa jina lao: Kingwana. Hakuna mwalimu aliyetumwa, hakuna kamusi iliyogawiwa.

Ila njia hiyo hiyo ilikuwa ya watumwa pia. Kuna waliotembea na mizigo kwa hiari na kuna waliotembea na minyororo shingoni, wakati mwingine kwenye msafara mmoja. Tabora yenyewe ilikuwa na watumwa majumbani na mashambani. Anayesimulia misafara kama vile ilikuwa matembezi ya kufurahisha anadanganya. Kiswahili kilibebwa na wote wawili, mwenye mshahara na mwenye mnyororo, na wote wawili hawakuandikwa.

Kwa nini hawakuandikwa? Mashabiki wanalijua jibu bila kujijua. Kila kipindi cha Star Trek nahodha anasoma shajara yake: tarehe, mahali, kilichotokea. Mwenye shajara ndiye mwenye hadithi. Burton alikuwa na shajara. Stanley alikuwa nayo, Livingstone pia. Waswahili wachache nao walisimulia safari zao, kama Tippu Tip, na zile simulizi za wasafiri zilizochapwa na Carl Velten mwaka 1901, lakini hao hawakuwa wapagazi. Mpagazi alikuwa kama wale mashati mekundu wa Star Trek, mabaharia wanaoshuka sayari mpya pamoja na wakubwa na kufa kabla ya tangazo la kwanza. Mtazamaji hakumbuki hata sura zao.

Ndiyo maana kipindi maalum cha miaka 30 kinafaa kutazamwa tena kwa jicho hili. Kiliitwa "Trials and Tribble-ations", kilirushwa Novemba 4, 1996, na mashabiki hawajamaliza kukigombania. Nahodha Benjamin Sisko wa tamthilia mpya na watu wake wanarudishwa nyuma hadi ndani ya kipindi cha 1967, na mafundi waliwaunganisha kwenye filamu ya zamani kiasi kwamba mshono hauonekani. Wapo wanaosema hakuna zawadi ya maadhimisho iliyowahi kuizidi. Wapo wanaonung'unika kwamba ni vichekesho tu na manyoya ya vile viumbe vya kuzaana ovyo.

Lakini tazama wanachofanya. Ili wasiharibu historia, mashujaa hawa wanavaa sare za watu wa kawaida na kujichanganya koridoni. Wanajifanya mafundi. Wanaziba njia, wanagombezwa. Mwishoni Sisko hawezi kuondoka bila kumwona Kirk, basi anabeba karatasi ya kazi na kumwomba saini. Kirk anasaini. Hajui anasaini mbele ya nani. Kwake huyo ni mtu wa zamu tu. Kwa dakika chache nahodha mwenye tamthilia yake nzima anakuwa mmoja wa wasio na jina, na mtazamaji anajikuta anaanza kuangalia nyuso zote za nyuma, nani tena yuko pale.

Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna tembe ya Livingstone iliyojengwa upya na kufanywa makumbusho. Watu hupiga picha mlangoni. Alifika hapo na Stanley Februari 1872. Stanley akaondoka Machi 14 kwenda pwani, na Livingstone akabaki hadi Agosti 25. Zaidi ya miezi mitano, mtu mashuhuri kuliko wote barani amekaa barazani. Alikuwa anasubiri wapagazi. Bila wao shajara haina cha kuandika. Walipofika, safari ikaanza kama kawaida, na nyumba ikabaki na jina la aliyekuwa anasubiri.

Alifariki Mei 1873, Zambia ya leo. Watu wake, kama 60, waliukausha mwili, wakaufunga na kuubeba. Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wauzike papo hapo. Walikataa. Mbele ya safari, kwa kuwa vijiji viliogopa maiti kupita, walifanya ujanja: baadhi yao wakarudi njia ya Unyanyembe kana kwamba wanaurudisha mwili, wengine wakaufunga upya ukaonekana ni robota la vitambaa. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa kawaida, nani aulize? Wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, na Aprili ukazikwa London.

Dunia ilishika majina mawili matatu, Chuma, Susi, Jacob Wainwright. Lakini Shirika la Jiografia la London liliamua kutoa medali kwa kundi zima, na safari hii kila medali ilichongwa jina la mtu wake ukingoni. Sanduku likapelekwa Zanzibar. Nyingine hazikupata wenyewe. Kazi ilikuwa imeisha, mshahara umeliwa, na waliotafutwa walikuwa wameshapokea mizigo mingine na kurudi barabarani.