Nyumba za ushirika: Ujenzi ni wa miaka, si miezi

KIKUNDI cha majirani kinapoamua kujenga makao ya pamoja, swali la kwanza huwa moja: tutahamia lini? Wengi hujibu kwa kuhesabu siku za fundi pekee. Hesabu hiyo hupotosha, kwani kuta huwa hatua fupi ya safari ndefu.

Mfano ulio karibu ni Kambi Moto, kijiji cha mabanda mtaani Huruma, jirani na Kariobangi. Wakazi wake, chini ya Muungano wa Wanavijiji na wakisaidiwa na shirika la Pamoja Trust, walianza kwa kuweka akiba kidogo kidogo. Mwaka wa 2001 waliorodheshwa, wenye mabanda na wapangaji pia, ili ijulikane ni nani anayestahili nyumba. Baadaye walisimamisha kielelezo cha nyumba kwa mbao na vitambaa, wakaingia ndani na kujadili ukubwa wake, huku wakitafuta mwafaka na Baraza la Jiji la Nairobi kuhusu ardhi. Ujenzi ulianza 2003, na awamu ya kwanza ilikuwa na nyumba 34 pekee. Nyingine zilifuata kwa zamu, kadiri akiba na marejesho ya mikopo yalivyoruhusu.

Hata serikali, yenye fedha nyingi zaidi, haikuweza kukwepa kalenda hiyo. Mradi wa Soweto Mashariki, Kibera, ulizinduliwa 2004. Wakazi walihamishiwa Lang'ata kwa muda mnamo 2009, ujenzi ukaanza 2012, na nyumba 822 zikakabidhiwa 2016.

Hatua inayokula muda mwingi ni ardhi, nayo ndiyo hatari kuirukia. Mnamo Mei 2020, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa karibu na mtambo wa majitaka wa Kariobangi kufuatia mzozo wa umiliki. Waliojenga kabla ya hati kuthibitishwa walipoteza jasho la miaka kwa siku moja.

Saruji nayo haiharakishwi. Zege hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28, na mvua za masika kati ya Machi na Mei hukwamisha uchimbaji wa misingi. Jengo la ghorofa sita lililoporomoka Huruma Aprili 29, 2016, likaua takriban watu 50, lilidhihirisha gharama ya kupuuza kanuni za ujenzi.

Kwa hivyo, kikundi kinachoanza leo kitenge mwaka mmoja au miwili ya akiba na katiba, mwaka mwingine wa ardhi, ramani na vibali, kisha miezi 12 hadi 18 ya ujenzi wa awamu ya kwanza. Jumla ni miaka minne hivi, iwapo hapatazuka kesi mahakamani. Anayeahidi funguo baada ya miezi sita aulizwe kwanza: hati iko wapi?