Nota nne zilizopotea, na mpingo wetu wa Kusini

  Mimi mzima wa afya, baridi tu ndiyo inanimaliza, na zamu za usiku kama kawaida. Leo siwaletei habari za theluji. Nawaletea kisa cha kweli cha chombo cha muziki kilichokufa, kikazikwa, kikafufuliwa. Msikimbie, mpingo wetu umo ndani!

Mnaikumbuka ile filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, ya Meryl Streep na Robert Redford, inayohusu Kenya ya wakoloni? Humo mna muziki mmoja wa taratibu, klarineti inalia peke yake mpaka unajisikia kulia nayo. Ni konseto ya klarineti ya Mozart, aliyoimaliza mwaka 1791. Sasa sikilizeni: klarineti mnayoisikia kwenye muziki huo siyo chombo ambacho Mozart aliuandikia. Chombo chenyewe kilishapotea zamani.

Ilikuwa hivi. Pale Vienna, Austria, alikuwepo mpiga klarineti wa jumba la mfalme, jina lake Anton Stadler. Huyu bwana alipenda sauti za chini kuliko za juu. Klarineti za kawaida zilikuwa na mwisho wake huko chini, lakini yeye akataka kushuka zaidi. Fundi wa vyombo, Theodor Lotz, akamtengenezea klarineti ndefu zaidi, yenye vibonyezo vya ziada, inayoshuka nota nne chini ya zile za kawaida. Stadler aliionyesha kwa watu pale Vienna mwaka 1788. Siku hizi wataalamu wanaiita klarineti ya baseti.

Nota nne tu, mtasema. Lakini Mozart alikuwa rafiki yake Stadler, akazipenda kwelikweli. Mwaka 1789 akamwandikia muziki wa klarineti na vinanda vinne vya nyuzi, na mwaka 1791 akamwandikia hiyo konseto. Klarineti inaruka kutoka juu kabisa hadi kule chini, kama mtu anayejibizana na nafsi yake. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo Mozart akafariki, hajafikisha hata miaka 36.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maandishi ya mkono wa Mozart ya konseto hiyo hayajaonekana mpaka leo. Mwaka 1800 mjane wake, Constanze, alimwandikia mchapishaji mmoja barua kuhusu karatasi za marehemu zilizokuwa kwa Stadler. Stadler alidai sanduku lake liliibiwa akiwa Ujerumani. Wengine wakasema hakuna cha mwizi, aliliweka rehani! Ukweli anaujua Mungu.

Wachapishaji walipokuja kuitoa konseto, karibu miaka kumi baada ya kifo cha Mozart, waliangalia soko. Nani angenunua muziki wa chombo alichonacho mtu mmoja? Basi kila palipokuwa na nota za chini sana wakazipandisha juu, ili klarineti ya kawaida iweze. Mwaka 1802 gazeti moja la muziki la Kijerumani lilieleza wazi kwamba muziki umebadilishwa, likaonyesha na mifano. Hakuna aliyejali. Stadler akafa mwaka 1812, chombo chake hakijulikani kilikoishia, na kwa zaidi ya miaka 100 dunia nzima ikapiga konseto iliyokatwa miguu.

Sisi manesi tunafundishwa kwamba kisichoandikwa kwenye faili ni kama hakikufanyika. Kwa Stadler nimeliona hilo waziwazi. Ujuzi ulikaa mikononi mwa mtu mmoja na kwenye sanduku moja.

Ufufuo ulianza katikati ya karne ya 20. Wachunguzi waliona sehemu ambazo muziki unaruka bila sababu, wakaanza kuunganisha. Mwaka 1951 konseto ilipigwa Prague kwa klarineti iliyorefushwa. Huku Uingereza aliyeibeba kazi hiyo ni Alan Hacker. Mwaka 1966 damu iliganda kwenye uti wa mgongo wake, akapooza miguu, akabaki kwenye kiti cha magurudumu. Mimi nahudumia wagonjwa, najua siku kama hiyo inavyomvunja mtu. Yeye aliendelea kupiga, na akawa mmoja wa waliowarudishia watu wa hapa zile nota za chini. Alifariki mwaka 2012. Naye mtafiti wa Kimarekani, Pamela Poulin, mwaka 1992 alitoa habari za ratiba za maonyesho ya Stadler ya mwaka 1794 huko Riga, zenye picha ya chombo chenyewe. Kumbe mwisho wake ulikuwa umepinda na kuvimba kama kibuyu kidogo!

Enzi za Stadler klarineti zilitengenezwa kwa mbao ya njano ya mti wa Ulaya. Leo klarineti nyingi nzuri, pamoja na za baseti za kisasa, ni za mpingo, na mpingo mwingi unatoka kwetu Kusini, Lindi na Kilwa huko. Mti wenyewe unachukua zaidi ya miaka 70 kufaa kuvunwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji unaojali msitu. Kwa hiyo mkimuona mtu anakata mpingo ovyo achome mkaa, mwambieni kuna Mozart humo ndani.

Na ombi langu moja. Kama kuna mzee hapo mtaani anayejua kuchonga zumari au kuwamba ngoma za zamani, kaeni naye, mwandike, mpigeni picha akiwa kazini. Msisubiri aondoke na sanduku lake.

Nawapenda wote. Nisalimieni bibi, mwambieni dawa za presha asiziruke!