Nyigu Aliyeletwa Kupambana na Kiwavi wa Kabichi

Mguse kiwavi wa kabichi, atajinyonganyonga kisha ataning'inia hewani kwa uzi mwembamba. Wakulima wa mboga wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, Tanzania, wanamfahamu. Ni mtoto wa nondo mwenye alama za almasi mgongoni, mdudu wa kwanza wa mazao kuthibitika kuishinda DDT shambani, kule Java, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sumu nyingi zilizofuata nazo akazizoea, na mkulima akazidi kupiga dawa.

Gharama ya hilo ilionekana kwa binadamu. Mwaka 2007 Aiwerasia Ngowi wa iliyokuwa taasisi ya viuatilifu ya TPRI, Ngaramtoni, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania: 68% walisema waliwahi kuugua baada ya kupiga dawa. Takwimu hiyo ingetosha kututikisa.

Dawa za kienyeji hazikukosekana. Mmea wa utupa hutwangwa, hulowekwa, na maji yake hunyunyiziwa maharage. Watafiti wa Chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, walipima mimea ya namna hiyo, na mwaka 2015 wakaonesha kwamba mavuno yalilingana na ya sumu za dukani, huku buibui wakibaki wengi zaidi shambani.

Kwa kabichi, tumaini liliwekwa kwa nyigu mdogo, Diadegma semiclausum. Mwaka 2001 icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ilimchukua Taiwan, kwenye kituo cha mboga ambacho tawi lake la Afrika liko Tengeru tangu 1992. Mwaka uliofuata akaachiwa Wundanyi, Taita, nchini Kenya, na baadaye Tanzania. Jike humdunga kiwavi yai; buu humla kiwavi kutoka ndani, na panapotarajiwa nondo hutoka nyigu. Hustawi kwenye baridi ya milimani, hali ambayo Nkoaranga inayo. Wundanyi viwavi walipungua sana.

Lakini sumu humuua nyigu pia. Mwaka 2014 kanitangaze, nondo wa nyanya kutoka Amerika Kusini, aligunduliwa Ngabobo, Arumeru, na mabomba ya dawa yakarudi migongoni. Mshauri wa karibu wa mkulima bado ni muuza dawa. Ningependa bwana shamba afike kwanza, aligeuze jani la kabichi na kumwonesha mkulima kifukofuko cha nyigu ndani ya wavu wa hariri, kabla bomba halijajazwa.