Mkama wa Ukerewe na Mipaka ya Enzi Yake

Msomaji akisikia habari ya ufalme wa kisiwani uliofungwa na sheria, mara huwaza Unguja. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa dola kwa katiba iliyoandikwa, na kazi ya kutawala ikiwa mikononi mwa Waziri Mkuu, Mohammed Shamte, na Baraza lililochaguliwa na watu. Katiba ile iliishi siku 33. Lakini sisi tukaao upande huu wa ziwa, tunao ufalme wa kisiwani wa karibu zaidi, ambao mipaka yake haikuandikwa po pote, nao uliishi vizazi vingi. Twasema Ukerewe. Je, Mkama wa huko alifungwa na nini?

Kwanza tutazame jina lenyewe. Wasukuma, ambao Nyakato i katika nchi yao, walimwita mtawala wao ntemi, na wazee huliunganisha neno hilo na kutema, yaani kukata: kukata msitu ili watu wapate kukaa, na kukata mashauri. Ukivuka maji mpaka Nansio, neno hilo halipo tena, husikia omukama. Neno hili ni la Buhaya, la Bunyoro na la Toro, wala si ajabu, kwa kuwa masimulizi ya Wakerewe husema ya kwamba Wasilanga, ukoo wa watawala, walitoka Ihangiro katika Buhaya wakiongozwa na Katobaha. Hapa lugha na masimulizi vyapatana. (Wenzetu wafasiri wa Maandiko katika Kiganda na Kinyankore walilichukua neno hilohilo kuwa jina la Bwana Mungu, mwalimu asishangae basi akilikuta kanisani na katika habari za wafalme pia.)

Tena Usukumani walikuwako banang'oma, wazee wa ikulu, ambao kazi yao ilikuwa kumchagua ntemi. Ukerewe enzi ilikuwa ya Wasilanga peke yao, na mtu wa ukoo mwingine hakuweza kuitamani. Kwa hiyo mgeni angedhani ya kuwa Mkama alikuwa huru kutenda apendavyo. Sivyo. Mkama alidaiwa mvua. Ngoma za enzi zilikuwa zake, na heshima ilikuwa yake. Lakini mashamba yakikauka, au mvua ikizidi hata mazao yakaoza, watu hawakusema ni bahati mbaya, walisema Mkama ameshindwa kazi yake. Nao hawakuishia kunung'unika, kwani wako Wakama walioondolewa katika kiti kwa sababu hiyo, akawekwa Msilanga mwingine. Ukoo ulibaki, mtu akaenda. Sisi twaona ya kuwa hii ilikuwa sheria kamili, ingawa haikuwa na karatasi: ilitaja wajibu wa mtawala, ikawapa raia njia ya kumwondoa pasipo kuuvunja ufalme.

Wazungu wa kwanza hawakuliona jambo hili. Stanley alikuwa mgeni wa Mkama Lukonge mwaka 1875. Na Desemba 1877 Shergold Smith na O'Neill, wamisionari wa C.M.S., waliuawa kisiwani pamoja na mfanya biashara Songoro, ambaye Lukonge aligombana naye. Baada ya hayo Ulaya ilimjua Lukonge kama mfalme mkali tu. Waliiona mikuki yake. Hawakumwona akitazama mawingu kwa hofu.

Mwaka 1895 Wadachi walimwondoa Lukonge, wakamweka Msilanga mwingine. Kwa macho ya nje desturi ilifuatwa, maana ukoo ulikuwa uleule. Kumbe jambo kubwa lilikuwa limegeuka: tangu siku ile aliyeweza kumwondoa Mkama ni boma, si watu wake. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1926 juu ya mamlaka za wenyeji, waliandika kazi za machifu, yaani baraza la hukumu, hazina, kodi na mshahara. Mengi katika hayo yalikuwa na faida, na hesabu za fedha zilikuwa wazi kuliko zamani. Hata hivyo katika orodha ile mvua haikutajwa, wala raia hawakutajwa kama watu wawezao kumwondoa chifu. Mtawala aliyeandikiwa mipaka alikuwa amefunguliwa kifungo cha zamani. Akawa na hofu ya Bwana Shauri kuliko hofu ya wakulima.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa uchifu katika nchi nzima, na hivyo ufalme wa Ukerewe ukakoma mwaka uleule Zanzibar ilipoipata katiba yake. Mkama wa mwisho, Michael Lukumbuzya, aliingia katika utumishi wa serikali mpya, akawa balozi. Jumba la enzi lingali limesimama Bukindo.